Koo Lauma, Moyo Walipa

Wanaolazwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Upanga jijini Dar es Salaam, wakisubiri kurekebishiwa au kubadilishiwa valvu za moyo si wazee peke yao. Wamo vijana ambao walipaswa kuwa darasani, na wamo wanawake waliogundua ubovu wa moyo walipobeba mimba ya kwanza, pumzi ikawakatika kwa kupanda ngazi chache tu. Daktari akiuliza kama utotoni waliwahi kupata homa yenye maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, keshokutwa kiwiko, wengi hawakumbuki. Akiuliza kama waliwahi kuumwa koo, swali lenyewe huwashangaza. Mtoto gani hajawahi kuumwa koo?

Chanzo cha mkasa wao ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Hupenda kukaa kwenye mafindo, zile tezi mbili zilizo pande mbili za koo nyuma ya ulimi, na huwasumbua zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili hupambana naye kwa kutengeneza kingamwili, na kwa watoto wengi mambo huishia hapo: ndani ya wiki koo limepona, mtoto yuko nje anacheza. Kwa wachache, wiki mbili au tatu baadaye, kingamwili zilezile huugeukia mwili wenyewe, kwa sababu sehemu za bakteria huyo zinafanana na protini za moyo. Viungo vinavimba, homa inapanda, moyo unashambuliwa. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona bila kuacha alama, lakini valvu za moyo hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu jingine. Hatimaye valvu inakuwa nene na ngumu, inashindwa kufunguka vizuri au kufunga sawasawa, na damu inaanza kurudi ilikotoka.

Duniani wanaoishi na ugonjwa huo wa moyo ni zaidi ya milioni 40, na kila mwaka unaua watu wapatao laki tatu. Karibu wote wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Ulaya Magharibi umekuwa ugonjwa wa vitabuni.

Huo ni upande mmoja wa habari ya koo. Upande wa pili unaonekana kila jioni kwenye duka la dawa la mtaani, watu wakitoka kazini.

"Dokta, mwanangu tonsesi zimemrudia."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita, anaingia wa saba."

"Chukua hii, changanya na maji yaliyochemka yakapoa, mpe asubuhi, mchana na jioni. Na hii ya homa."

Dakika tatu, mama anaondoka na chupa ya amoksilini. Hakuna aliyeuliza kama mtoto anakohoa au ana mafua. Hakuna aliyemulika koo wala kushika shingo. Siku ya tatu mtoto anachangamka, chupa inawekwa juu ya kabati ikiwa nusu, na mdogo wake akianza kupiga chafya mwezi ujao ataonjeshwa hiyohiyo, ingawa dawa hiyo ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja au mbili.

Tatizo ni kwamba makoo mengi yanayouma hayana bakteria wa kuuawa. Kati ya watoto kumi wanaofika na koo linalouma, wawili au watatu ndio wenye streptokokasi. Kwa watu wazima ni kama mmoja kati ya kumi. Waliobaki wana virusi, vingi ni vilevile vya mafua, na antibiotiki haina kazi mbele ya virusi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane yalionyesha kwamba, wagonjwa wote wakijumlishwa, antibiotiki hupunguza maumivu ya koo kwa wastani wa saa 16 tu. Baada ya wiki moja, zaidi ya wanane kati ya kumi ambao hawakupewa antibiotiki walikuwa wamepona. Mama aliyeona mtoto amechangamka siku ya tatu ana haki ya kuishukuru dawa, ila mara nyingi mtoto angechangamka siku hiyohiyo kwa parasetamoli, uji wa vuguvugu na maji ya kunywa ya kutosha.

Muuzaji wa dawa hastahili kubebeshwa lawama zote. Tanzania ilianzisha maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, kwa majaribio mkoani Ruvuma, kwa sababu ya maana kabisa: vijijini na pembezoni mwa miji duka ndilo mlango wa afya ulio karibu, na lilikuwa likiendeshwa na watu wasio na mafunzo. Wauzaji walifundishwa, wakasajiliwa, wakaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki. Mzazi anayelinganisha foleni ya zahanati na duka lililo hatua hamsini kutoka nyumbani hahitaji kuelezwa kwa nini anachagua duka. Lakini matokeo yake tunayajua: wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito kuliko kanda nyingine yoyote. Dawa zinazochosha nguvu zake kwenye makoo yenye virusi ndizo zitakazotafutwa siku mtoto mchanga atakapopata sumu ya bakteria kwenye damu.

Basi hali halisi Afrika Mashariki ni hii: dawa inawafikia wengi wasioihitaji, na inawapita wachache ambao ingewaokoa moyo. Mtoto mwenye virusi anamaliza chupa mbili kwa mwaka. Mtoto mwenye streptokokasi, ambaye nyumbani kwao wanalala wanane chumba kimoja na shilingi ya dawa haipo, anasukutua kwa maji ya chumvi, anapona koo, na miaka kumi na tano baadaye anafika wodi ya moyo akiwa hana habari na kilichomfikisha pale.

Kwa sababu hiyo, mwongozo unaofaa Uholanzi au Uingereza haufai kunakiliwa neno kwa neno. Huko daktari anaweza kumwambia mzazi arudi nyumbani na kusubiri, hata pale anaposhuku streptokokasi, kwa kuwa homa ya baridi yabisi karibu imetoweka na kusubiri hakumgharimu mtoto kitu kikubwa. Anayefanya kazi Mwanza, Kisumu au Gulu na kusoma kurasa hizo kwenye simu yake anapaswa kukumbuka ziliandikwa kwa ajili ya watoto gani. Kwake kazi ina sehemu mbili zenye uzito sawa: kutompa antibiotiki asiyeihitaji, na kutomkosa anayeihitaji.

Anamtambuaje? Mwaka 1981 daktari Mmarekani Robert Centor na wenzake walichapisha dalili nne za kutazama kwa watu wazima: homa, usaha mweupe juu ya mafindo, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma zikishikwa, na kutokuwa na kikohozi. Baadaye Warren McIsaac wa Kanada aliongeza umri, kwa kuwa mtoto wa shule ana uwezekano mkubwa kuliko mtu wa miaka 50. Si kipimo cha uhakika. Hata mwenye dalili zote nne, uwezekano wa kuwa na streptokokasi ni kama nusu kwa nusu. Ila dalili hizo zina nguvu kubwa ya kuondoa: anayekohoa, pua inachuruzika, sauti imekauka na macho yamekuwa mekundu, huyo karibu hakika ana virusi.

Uchunguzi wenyewe hauchukui dakika mbili. Mtoto anakaa akitazama dirishani, anafungua kinywa na kusema "aaa", kijiti kinabonyeza ulimi upande mmoja badala ya katikati ili asitapike, tochi inamulika. Anayechunguza anatazama kama mafindo ni mekundu, yana madoa meupe au njano, na kama kaakaa laini la juu lina vitone vyekundu vidogovidogo. Kisha vidole viwili vinapita chini ya pembe za taya, pande zote mbili kwa pamoja. Mtoto mwenye streptokokasi mara nyingi hukunja uso hapo. Maswali mawili yanabaki: lilianza lini, na je, linauma akimeza mate? Streptokokasi huja ghafla. Asubuhi mtoto alikwenda shule mzima, jioni hataki hata maji.

Vipimo vya haraka vya koo vipo na hutoa jibu ndani ya dakika chache, lakini zahanati nyingi hazina, na kuotesha bakteria maabara huchukua siku moja au mbili, wakati familia imeshapanda daladala kurudi nyumbani. Costa Rica ilikutana na kikwazo hichohicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo iliacha kusisitiza kipimo cha maabara. Mtoto mwenye dalili za kutosha alichomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini papo hapo. Katika miongo miwili iliyofuata homa ya baridi yabisi ilishuka mno. Maisha ya watu nayo yalikuwa yakiboreka, kwa hiyo sindano haiwezi kupewa sifa zote, lakini waliokuwa wakiendesha mpango ule hawakuwa na shaka kwamba ilichangia. Cuba, katika mkoa wa Pinar del Río, iliendesha mpango wa miaka kumi kuanzia 1986: kufundisha wahudumu, walimu na wazazi, kutibu makoo, na kuweka daftari la kila mgonjwa wa moyo. Wagonjwa wapya wa homa ya baridi yabisi walishuka kutoka 18.6 hadi 2.5 kwa kila watoto na vijana 100,000. Nchi zote mbili hazikuwa tajiri.

Msingi wa yote hayo uliwekwa na askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kambi ya jeshi la anga ya Warren, Wyoming, Marekani, ilijaa vijana waliolala mabweni yaliyosongamana, na streptokokasi akawa anapita kitanda hadi kitanda. Madaktari Floyd Denny, Lewis Wannamaker, Charles Rammelkamp na wenzao waliwagawa wagonjwa wa koo katika makundi mawili. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 1950, kati ya karibu askari 800 waliopewa penisilini, wawili walipata homa ya baridi yabisi; kati ya wengine karibu 800 ambao hawakupewa, walipata 17. Kazi iliyofuata ilionyesha pia kwamba dawa ikianza hata siku ya tisa tangu koo lianze kuuma, bado inakinga moyo. Jambo hili wazazi wengi hawaambiwi, na lingewatuliza sana: hakuna sababu ya kukimbilia antibiotiki usiku wa manane. Mtoto anayemeza na kupumua vizuri anaweza kungoja asubuhi apelekwe kwa mtu atakayemchunguza.

Dawa yenyewe ni kongwe na ya bei nafuu. Kwa zaidi ya miaka 80 ya matumizi, streptokokasi wa kundi A hajawahi kuwa sugu kwa penisilini, jambo la nadra kabisa katika historia ya antibiotiki. Vidonge vya penisilini V au amoksilini hutolewa kwa siku 10. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba siku 5 za penisilini V kwa dozi kubwa mara nne kwa siku zinatosha kuponya koo, lakini ulifanyika mahali ambapo moyo hauko hatarini; hapa kwetu siku 10 zinabaki. Mzazi asiyeweza kuhakikisha siku 10, na ni wazazi wengi, ana njia nyingine: sindano moja ya penisilini ya benzathini, yuniti 600,000 kwa mtoto mdogo, 1,200,000 kwa mkubwa. Dawa inakaa kwenye msuli na kuachia polepole kwa wiki kadhaa.

Kinachouzwa zaidi madukani ni kingine. Azithromaisini hupendwa kwa sababu ni vidonge vitatu, siku tatu, basi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, na streptokokasi ameshajifunza kuikwepa katika nchi nyingi. Inamfaa mwenye mzio wa kweli wa penisilini. Kwa wengine ni kupoteza dawa nzuri. Vidonge vya rangi mbili vyenye mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini havina faida yoyote ya ziada kwa koo. Kotrimoksazoli, ambayo bibi wengi wanaiamini, haimwondoi streptokokasi kooni. Na kijana wa sekondari mwenye koo baya, uchovu wa wiki nzima na tezi zilizovimba hadi nyuma ya shingo huenda ana virusi vya Epstein-Barr. Akipewa amoksilini anaweza kutoka vipele mwili mzima, akaandikwa kwenye kadi kuwa ana mzio wa penisilini, na maandishi hayo yakamfuata miaka mingi bila ukweli wowote.

Hofu ya sindano ya benzathini ni suala linalohitaji kuongelewa waziwazi. Inauma, hilo halina ubishi, na muuguzi anaweza kuichanganya na dawa kidogo ya ganzi. Wapo wahudumu wanaoikwepa kwa kuogopa mgonjwa kufa papo hapo. Mzio mkali upo, lakini ni wa nadra. Mwaka 2022 chama cha moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba vifo kadhaa vilivyohusishwa na sindano hii vilitokea kwa wagonjwa ambao tayari moyo wao ulikuwa umeharibika vibaya, na kwamba maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni moyo kushindwa kuhimili mshtuko wa maumivu na presha kushuka, wala si mzio. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupewa vidonge. Mtoto mwenye koo bichi na moyo mzima hayuko katika hatari hiyo, na kumnyima sindano kwa hofu iliyomhusu mwingine ni kumwacha na hatari iliyo kubwa zaidi.

Halafu linakuja swali ambalo kila mzazi wa mtoto anayeumwa mara kwa mara hulifikia: si bora mafindo yatolewe?

Historia ya upasuaji wa mafindo inafundisha tahadhari. Mwanzoni mwa karne ya 20 waganga maarufu wa Marekani, Frank Billings wa Chicago akiwa mmoja wao, walieneza imani kwamba mafindo ni ghala la sumu inayosambaa na kuleta magonjwa ya viungo, figo na hata akili. Watoto wakaanza kukatwa kwa maelfu. Katika miaka ya 1930 uchunguzi ulifanywa kwa watoto 1,000 wa shule jijini New York. Waliokwisha kutolewa mafindo walikuwa 611. Waliobaki 389 wakapelekwa kwa madaktari, ambao waliona 174 wanahitaji upasuaji. Wale 215 walioambiwa wako sawa wakapelekwa kwa madaktari wengine bila wao kujua kwamba wamekwisha kuchunguzwa. 99 wakaambiwa wafanyiwe upasuaji. Waliobaki 116 wakapelekwa mara ya tatu, na 51 wakachaguliwa. Mwishoni walibaki watoto 65 tu ambao hakuna daktari aliyependekeza wakatwe, na uchunguzi ukasimama kwa kuwa madaktari wa kuwachunguza tena waliisha.

Uingereza, mwaka 1938, daktari J. Alison Glover alionyesha kwamba mtoto wa wilaya moja ya shule alikuwa na uwezekano mara nyingi zaidi wa kukatwa kuliko wa wilaya jirani, bila tofauti yoyote ya ugonjwa. Kilichotofautiana ni daktari wa shule. Lakini desturi haikukoma. Mwaka 1959 Marekani pekee ilifanya upasuaji wa mafindo mara zipatazo milioni 1.4.

Aliyeleta utulivu alikuwa daktari Jack Paradise wa Pittsburgh. Alianza kwa kuwakatalia wazazi neno lao: waliosema mtoto ameumwa mara nyingi aliwafuatilia, na wengi hawakuumwa kwa kiasi walichokumbuka. Kisha akapima faida ya upasuaji kwa wale tu waliokuwa na kumbukumbu ya hakika: mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, kila mara ikiwa na homa, usaha, tezi au kipimo kilichothibitisha. Matokeo yake ya mwaka 1984 yalionyesha watoto hao walifaidika, hasa miaka miwili ya mwanzo. Na hata waliobaki na mafindo yao, wengi walizidi kupata nafuu kadiri walivyokua. Vigezo hivyo ndivyo vinavyotumika hadi leo sehemu nyingi. Kwa mzazi wa Afrika Mashariki vina maana moja ya vitendo: nunua daftari dogo, andika tarehe, homa ilikuwa ngapi, nani alitazama koo na aliona nini. Daktari wa masikio, pua na koo ataamua vizuri zaidi akiwa na ukurasa huo kuliko akiwa na neno "kila mara".

Kwa watu wazima ushahidi ulichelewa. Uingereza mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya wagonjwa 453 wenye mafindofindo ya kujirudia: kwa miezi 24, waliofanyiwa upasuaji walikuwa na siku 23 za koo kuuma, na walioendelea kusubiri walikuwa na siku 30. Ni faida ya kweli, ila inakuja na wiki mbili za maumivu makali mwanzoni.

Sababu nzito zaidi ya upasuaji kwa watoto siku hizi si maambukizi, ni usingizi. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala kinywa wazi na shingo ameipinda nyuma, anayekatika pumzi kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka kwa kwikwi, huyo mafindo yake pamoja na nyama za puani vimeziba njia ya hewa. Asubuhi anaamka amechoka, darasani anasinzia au anakuwa mtundu kupita kiasi, na wakati mwingine anakojoa kitandani akiwa na umri wa kutofanya hivyo. Huyo ndiye anayebadilika baada ya upasuaji hadi majirani wanaona. Huchelewa kufika kwa daktari, kwa sababu nyumbani kukoroma kwake kumekuwa jambo la kuchekwa.

Na kuna jambo ambalo upasuaji haufanyi: haukuthibitishwa kuzuia homa ya baridi yabisi. Streptokokasi anaweza kukaa kwenye nyama nyingine za koo. Mtoto aliyetolewa mafindo akiumwa koo la ghafla lenye homa, bado anahitaji kutazamwa.

Mzazi anayeandaa mtoto kwa upasuaji anastahili kuambiwa ukweli wa siku zinazofuata. Siku ya tatu hadi ya saba ndiyo ngumu, si ya kwanza. Mahali palipokatwa patakuwa na utando mweupe wa njano, kinywa kitanuka, masikio yatauma ingawa masikio hayana ugonjwa. Anywe maji kila saa hata kama analia, kwa sababu koo kavu huuma zaidi. Damu huweza kutoka ndani ya saa 24, au tena kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka. Mtoto aliyelala lakini anamezameza mfululizo huenda anameza damu. Amulikwe kooni, na ikionekana damu mbichi, hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli, pamoja na ibuprofeni daktari akiridhia. Kodeini asipewe. Miili ya baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi ya hatari, na tabia hiyo ya kurithi iko kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa watu wa Ethiopia; watoto waliofariki baada ya upasuaji wa mafindo ndio walioifanya mamlaka ya dawa ya Marekani itoe onyo kali dhidi ya matumizi hayo mwaka 2013.

Kukata kimeo ni habari nyingine kabisa, na hapa hakuna nafasi ya kulegeza neno. Kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo hakisababishi kikohozi cha muda mrefu, hakimzuii mtoto kunyonya, hakimfanyi akonde. Watoto wachanga hukatwa kwa wembe au kisu kilichopita kwa mtoto aliyetangulia, wakavuja damu hadi kuishiwa, wakapata pepopunda au maambukizi ya damu. Mara nyingi mtoto aliyepelekwa kukatwa alikuwa na nimonia, kifua kikuu au pumu, na siku zilizopotea kwa mkata kimeo ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Koo pia lina dharura zake. Asiyeweza kufungua kinywa, anayedondosha mate kwa kushindwa kuyameza, anayeongea kama ana kiazi cha moto kinywani, huenda ana jipu kando ya findo, na dawa peke yake haitoshi. Usaha lazima utolewe. Anayepumua kwa mluzi asingojee chochote. Utando wa kijivu uliong'ang'ania kooni, unaovuja damu ukiguswa, ni wa kushuku dondakoo, ambao Nigeria ilikumbana nao kwa wingi kuanzia mwisho wa 2022 kwa watoto waliokosa chanjo. Kadi ya kliniki itazamwe siku hiyohiyo.

Turudi kwa waliokwisha kuguswa moyo bila kujua. Nchini Uganda, timu ya Emmy Okello na Andrea Beaton iliwapima kwa mashine ya mawimbi ya sauti watoto na vijana 102,200, ikawapata wenye dalili za mwanzo kabisa za valvu kuharibika, watoto ambao walikuwa wakikimbia na kucheza kama wenzao. Walioingia kwenye utafiti walikuwa 818, wa miaka 5 hadi 17. Nusu walichomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa Novemba 2021 yalikuwa ya wazi: kati ya waliomaliza utafiti, valvu ziliendelea kuharibika kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa.

Ushahidi huo umezalishwa hapahapa na unawahusu watoto wa hapa. Kinachobaki ni kazi ya utaratibu. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi anahitaji sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, mara nyingi kumi au hadi atakapofika utu uzima, na zaidi ya hapo kama valvu zimeharibika. Hiyo inaweza kuwa zaidi ya sindano mia moja kwa mtoto mmoja, katika zahanati ambayo mwezi huu ina dawa na mwezi ujao haina, kwa kuwa viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani ni vichache na bei yake ndogo haiwavutii wengine. Baada ya wiki nne kiwango cha dawa mwilini hakitoshi tena, na bakteria wa darasani hawajui kwamba shehena imechelewa. Bohari za dawa zinazoagiza kwa kuangalia matumizi ya mwaka jana zitaagiza pungufu, kwa sababu mwaka jana watoto wengi hawakuandikishwa. Daftari la wagonjwa la kila wilaya, lenye jina, kijiji, tarehe ya sindano iliyopita na namba ya simu ya mzazi au mwalimu, ndilo litakaloonyesha chupa ngapi zinahitajika.